Ufunguo wa Shangazi Mbele ya Baraza la Ulijuaje

Ni haki historia iandike kwamba Msumari aliingia katika jukwaa la wenye shaka kwa nia mbaya.

Alikuwa likizoni, na likizo kwa mwanafunzi wa bweni ni kipindi cha hatari: mikono haina kazi na hakuna kiranja wa kuikamata. Huyu ndiye msichana aliyewahi kuivisha soksi kengele ya shule, shule nzima ikalala mpaka jua likaingia madirishani, na wa mwisho kuamka akawa mwalimu wa zamu. Jina la Msumari alipewa na matroni, aliyesema kwamba binti huyo popote anapokaa lazima amchome mtu. Basi msumari ukapelekwa kwa shangazi yake, mwenye duka la dobi, ukatulizwe.

Duka lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya sabuni na joto. Mbele palikuwa na kaunta. Katikati, mashine mbili za kufulia na moja ya kukaushia iliyokoroma kama mtu aliyelala chali. Nyuma kabisa, kando ya dirisha, meza ya kupigia pasi. Nyuma ya meza hiyo, ndani ya wingu lake mwenyewe, alisimama Mzee wa Mvuke. Alikuwa akipiga pasi hapo tangu Msumari hajazaliwa. Miwani yake ilikuwa na ukungu daima, kwa hiyo watu aliwatambua kwa nyayo zao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo unanyata. Unatoka kufanya nini?"

"Hamna kitu."

"Mh! Hiyo hamna kitu yako naijua."

Jukwaa lenyewe aliliona kwenye simu, akiwa amejibanza nyuma ya rundo la mashuka. Liliitwa Ulijuaje. Humo walikaa watu waliojiita Bibi Hapana, Fundi Friji na Daktari wa Mbuzi, na wengine wa aina hiyo, wakibishana tangu asubuhi kwa upole wa kutisha. Mtu akisema jambo, mwenzake anamwuliza: ulijuaje? Akieleza alivyojua, anaulizwa tena. Msumari aliwatazama, akaona hawa ni watu wanaojiona wana akili, na watu wa namna hiyo, kwa mujibu wa katiba yake binafsi, huwekewa mtego.

Alichukua shati kuukuu la kufutia meza, akaliunguza kifuani kwa pasi, mara upande huu, mara upande ule, mpaka likatokea umbo la uso wa mtu mwenye huzuni kubwa. Akalipiga picha, akaandika: "Ndugu wenye shaka, uso huu hujitokeza kila mwenye shati anaposema uongo. Tukilifua, unafutika. Akidanganya tena, unarudi. Haya, semeni."

Akakaa akisubiri ama wamtukane ama wasujudu. Lolote kati ya hayo lingemvunja mbavu.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Bibi Hapana. "Karibu mgeni. Naomba kuuliza: hivyo vinukta vidogo vilivyojipanga kwenye paji la uso ni nini?"

Msumari akatazama picha. Kisha akainua pasi, akaitazama chini. Palikuwa na vitundu vya kutolea mvuke, vimejipanga vilevile, mstari kwa mstari, kama wanafunzi kwenye gwaride.

Alijikaza kisabuni. "Haya, nilikuwa nawatania," aliandika. "Mmenikamata. Nifukuzeni."

Badala ya kumfukuza, simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Vigelegele! Vigelegele kwa mgeni! Wale wazee wazima walikuwa wakimshangilia kama timu iliyoleta kombe. Na hii, alikuja kujua, ndiyo desturi kuu ya Ulijuaje: anayeshinda ubishi haambiwi kitu, lakini anayekiri amekosea hupigiwa vigelegele na baraza zima, na vigelegele vyake huhesabiwa kando ya jina lake kama nishani za mwanajeshi. Bibi Hapana aliwazidi wote. Hakuna aliyewahi kukosea kama yeye humo ndani, na alitembea kifua mbele.

Msumari alikasirika mno.

"Wana wazimu hawa," alimwambia Mzee wa Mvuke. "Nimewadanganya, wananipongeza."

"Wamekupongeza kwa kudanganya, au kwa kukiri?"

"Mzee, piga pasi."

Akabaki humo ili alipize kisasi, yaani ashinde. Alirukia kila ubishi: kama nguo hukaushwa zaidi na jua au na upepo, kama mbuzi huambukizwa miayo na binadamu. Huko ndiko alikokutana na desturi ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Iliitwa kurudisha. Kabla hujampinga mtu, lazima urudishe alichosema, kwa maneno yako, mpaka mwenyewe akubali na kusema, "Ndivyo." Msumari alikuwa amezoea kuyakata maneno ya watu kabla hayajafika kwenye meno. Alimrudishia Daktari wa Mbuzi hoja yake. "Sivyo," akajibiwa. Akarudisha tena. "Unakaribia, lakini sivyo." Mpaka yule daktari aliposema "Ndivyo," Msumari alikuwa ameshasahau alichotaka kumpinga nacho. Kibaya zaidi, alikuwa amekubaliana naye.

Alizima simu, akaapa hatairudia. Aliirudia baada ya chai.

*

Wiki hiyohiyo balaa likaingia dukani. Bibi harusi mmoja alikuwa ameleta shela lake, refu, la wavu mwembamba kama pumzi, lifuliwe na kunyooshwa, aje kulichukua Jumamosi asubuhi. Alhamisi lilitafutwa, halikuonekana. Shangazi alipekua makabati, matenga, mashine, hata mfuko wa vitambaa vya kupigia deki. Hakuna shela.

Sasa, Shangazi alikuwa mwanamke wa vipimo. Sabuni aliipima kwa kijiko, na mteja mbishi alimkatalia macho makavu. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho dukani hapo hakikuulizwa swali: ufunguo wa shaba wa kabati la marehemu mama yake, uliofungwa kwenye uzi mweusi. Kitu kikipotea, aliuning'iniza. Ukitulia, hapana. Ukizunguka, ndiyo. Uliwahi kuonyesha droo yenye hereni na koti lenye miwani mfukoni, na tangu hapo neno lake likawa la mwisho.

"Wekeni mikono mezani," alisema.

Ulianza kwa Msumari, ambaye kwa rekodi yake hakustahili kulalamika. Ukatulia tuli. Ukaenda juu ya mkono wa Mzee wa Mvuke. Ukatetemeka kidogo, ukayumba, kisha ukaanza kuzunguka, duara pana, bila haraka.

Mashine ya kukaushia ilikoroma peke yake.

"Mzee," alisema Shangazi. "Lirudishe tu. Sitauliza lolote."

"Nirudishe nini, mama, ambacho sikuchukua?"

"Ufunguo huu haujawahi kunidanganya."

"Na mimi je?"

Shangazi alisema tu, akitazama sakafu, kwamba bibi harusi akija Jumamosi na shela halipo, yeye na Mzee itabidi waachane. Kisha akaenda mbele kwenye kaunta, akapanga upya vitu ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Mzee alivua miwani, akaifuta ukungu, jambo ambalo Msumari hakuwahi kuliona. Macho yake yalikuwa madogo kuliko alivyodhani. Akachukua kitambaa chake cha kupigia pasi, kile kilichoungua pembeni, akaanza kukikunja kona kwa kona, kama nguo ya mteja msumbufu. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha Msumari kwamba kola hupigwa pasi kutoka kwenye ncha kuelekea katikati. Ndiye aliyenyoosha sare yake ya kwanza ya bweni na kuficha peremende mfukoni bila kusema.

Msumari alirudi nyuma ya rundo la mashuka, akafungua Ulijuaje, akaandika kwa vidole vinavyowaka: "Shangazi yangu ni mwongo. Ana ufunguo wa uzi, anauzungusha makusudi, na sasa anamfukuza mtu asiye na hatia. Nisaidieni nimwumbue."

"Pole sana, mwanangu," alijibu Bibi Hapana. "Rudisha."

"Nirudishe nini? Shangazi hayumo humu!"

"Basi mfuate aliko."

*

Shangazi alikuwa akikunja taulo. Zilishakunjwa, lakini alizikunja tena.

"Shangazi, nataka niseme unachoamini wewe. Nikikosea unikatize."

"Tangu lini wewe ukakatizwa?"

"Leo tu, ofa maalumu. Unasema kwamba ukiona mtu wa kumshuku, unatikisa mkono kidogo ili..."

"Sivyo!" Taulo ilipigwa mezani. "Mimi nitikise mkono? Nimwonee mzee wa watu kwa makusudi?"

"Basi unasema ufunguo unajizungusha, wewe umeushika tu."

"Mkono wangu hautikisiki. Nausikia unavuta. Huniamini? Ushike mwenyewe."

Msumari akaushika. Aliegemeza kiwiko mezani kama alivyoelekezwa. Mzee wa Mvuke akaitwa, akaweka mkono wake chini ya ufunguo kama mgonjwa anayepimwa. Msumari aliukazia macho ule ufunguo kwa shaka yake yote, na moyoni akauambia: tulia, tulia, tulia.

Ukatetemeka. Ukayumba. Ukazunguka.

Angeweza kuapa kwamba mkono wake ulikuwa kama jiwe.

"Ndivyo," alisema Shangazi kwa huzuni. Mzee akauondoa mkono wake, akarudi kwenye wingu.

Hakuna ujumbe uliokuwa mgumu kwa Msumari kama huu: "Nilikosea. Shangazi hasemi uongo. Nimeushika mwenyewe umezunguka, na mkono sikuutikisa." Aliutuma akiwa amefumba jicho moja.

Vigelegele vikamiminika. Na safari hii, sijui kwa nini, vilimwingia. Alijisikia kama mtu anayevua viatu vya kubana mwisho wa gwaride. Tangu darasa la kwanza alikuwa akilinda cheo cha kutokosea, kazi ya mchana na usiku isiyo na likizo, na hapa palikuwa na watu wanaomwambia aache lindo aje acheze. Alicheka peke yake kati ya mashuka.

"Sasa ndiyo utamu unaanza," aliandika Fundi Friji. "Ulipokuwa umeushika, ulijua mkono uliopo chini ni wa nani?"

"Nilijua."

"Na uliogopa utazunguka?"

"Niliogopa sana."

"Basi bado hatujui kama ufunguo unajua, au mkono wako unajua na ufunguo unaufuata. Mkono unaweza kucheza kidogo sana mwenyewe asihisi, na uzi ukaukuza mchezo huo. Tufanyeje ili mkono usijue?"

Hapo baraza zima likavamia jambo kama watoto waliopewa mpira mpya. Mmoja alileta wazo, mwingine akalitoboa, aliyetobolewa akashukuru. Msumari akapendekeza mabeseni ya dukani: yafunikwe, kitu kifichwe chini ya moja. Daktari wa Mbuzi akaonya kwamba mfichaji asibaki chumbani, maana hata mbuzi husoma uso wa mwenyewe. Bibi Hapana akataka makubaliano yawekwe kabla, kwa sababu matokeo yakishatoka kila mtu huwa wakili. Kisha akaongeza: "Wazo la mabeseni mimi nisingelipata." Msumari alilisoma hilo mara kadhaa, kwa madhumuni ya utafiti.

*

"Unataka kunitega," alisema Shangazi siku ya Ijumaa.

"Ningetaka kukutega usingejua. Nataka ufunguo upate nafasi ya kujitetea. Ukishinda, nitanyamaza likizo yote."

Kwa mtu anayemfahamu Msumari, hiyo haikuwa ofa ya kukataliwa.

Kinyozi wa duka la jirani aliombwa awe mfichaji. Alikuja na nywele za watu mabegani, akaacha mteja wake kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mabeseni sita yakafunikwa juu ya meza ya pasi, na Shangazi akavua pete yake. Kwanza walijaribu yeye akiona pete inapowekwa. Ufunguo ulizunguka palepale, kila mara, kwa madaha.

"Umeona?" alisema Shangazi.

"Nimeona. Sasa bila kuona. Mara kumi. Ukibahatisha tu unaweza kupata moja, mbili. Wewe unasema utapata ngapi?"

"Kumi."

"Tuseme nane?"

"Nane ni kwa heshima yako."

Wote wakatoka barabarani. Kinyozi akaficha pete, akatokea mlango wa nyuma, akapiga mluzi. Wakaingia. Shangazi akapitisha ufunguo juu ya mabeseni. Ulizunguka kwenye la pili. Msumari akalifunua: hamna. Wakatoka, wakaingia. Hamna. Mara ya tatu, pete ikang'aa chini ya beseni!

"Ndiye huyo mama yangu!" Shangazi alirukaruka, akamgonga kinyozi kifuani kwa furaha alipochungulia mlangoni. "Alikuwa anapasha moto!"

Likizo ya kimya ilimpitia mbele ya macho. Lakini makubaliano yalikuwa makubaliano, wakaendelea. Hamna. Hamna. Wakati fulani ufunguo ulizunguka kwa nguvu zote juu ya beseni ambalo, lilipofunuliwa, lilikuwa na unywele mmoja wa mteja wa kinyozi. Mpaka mara ya kumi, pete haikuonekana tena.

Shangazi aliketi juu ya tenga la mashuka, ufunguo umemlegea kwenye kidole.

Msumari alikuwa na hotuba. Ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho, na sehemu ya kiini ilikuwa na kejeli za hali ya juu. Akaimeza yote.

"Shangazi, nikurudishie?"

"Hapana. Ngoja nirudishe mwenyewe." Alitazama kile kipande cha shaba. "Ninapojua, unajua. Nisipojua, haujui."

"Ndivyo."

"Basi jana si ufunguo uliomshuku mzee. Nilimshuku mimi." Aligeuka kulielekea lile wingu. "Nilijisemea moyoni, mzee ndiye aliyeligusa mwisho. Kulisema kwa mdomo wangu nikaona aibu, nikamwachia marehemu mama anisemee."

"Lakini mimi sikuligusa mwisho, mama," ilijibu sauti kutoka kwenye mvuke. "Sikuligusa kabisa. Shela halikufika kwenye meza yangu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mliuliza ufunguo."

Hata mashine ilinyamaza, ingawa kwa kweli ilikuwa imemaliza mzunguko wake. Na katika ukimya huo Msumari akasikia swali likipanda lenyewe kooni, laini kabisa, bila kisu ndani yake.

"Shangazi, ulijuaje kwamba lilifika?"

"Nililitoa kwenye mashine ya kukaushia, nikalipeleka."

"Ulijuaje kwamba ulilitoa? Uliliona?"

"Nilitoa nguo."

"Lilikuwa na nguo gani?"

"Na... Nilikuwa na haraka siku hiyo."

"Na nguo gani, Shangazi?"

"Na blanketi la manyoya," alisema Shangazi kwa sauti ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

Mzee wa Mvuke akaweka pasi chini. Kanuni ya kwanza ya duka lile, aliyoitunga Shangazi mwenyewe na kumkaririsha kila aliyewahi kufanya kazi humo, ilikuwa kwamba wavu na manyoya havikaushwi pamoja. Ule umeme wa nguo, unaotoa cheche mtu akivua sweta, huvigandisha kama mapacha. Unalikunja blanketi, na mgeni yumo ndani.

"Blanketi la nani?" aliuliza Msumari.

Mlangoni, kinyozi alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani. La bluu?"

"La bluu."

"Liko nyumbani, juu ya kabati langu. Hata mfuko sijaufungua, joto lote hili!"

Kama ulikuwepo mtaani siku hiyo utakuwa umeuona ule msafara: Shangazi mbele, ameshika gauni juu ya vifundo, kinyozi nyuma yake akitafuta funguo za nyumba, Msumari, Mzee wa Mvuke, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na wa mwisho, mteja mwenye nusu kichwa, aliyeona heri afuate kuliko kukosa mwisho wa kisa. Blanketi likashushwa. Shangazi akalifunua, likatoa mlio wa cheche, na kutoka kwenye mkunjo wa ndani shela likateremka taratibu, jeupe, zima, bila doa.

Shangazi hakulidaka. Mzee ndiye aliyelidaka. Shangazi alikuwa amemgeukia.

"Mzee," alisema mbele ya watu wote. "Nimekukosea. Nilikushuku bila kukuuliza. Nisamehe."

Mzee wa Mvuke alilikunja shela juu ya mkono wake kwanza, kwa sababu kazi ni kazi. Kisha akasema, "Nimesikia, mama. Yamekwisha. Msumari, wale watu wako wa kwenye simu, mtu akisema hivyo humfanyaje?"

Msumari akavuta pumzi, akapiga kigelegele ambacho angekipiga bwenini angefagia uwanja muhula mzima. Kinyozi akadakia. Mteja akadakia kwa nusu aliyokuwa nayo. Mzee mwenyewe alitoa sauti kama birika linalochemka, na Shangazi, machozi yakimtoka na kicheko kikimbana, akasimama katikati yao akipigiwa vigelegele kwa kukosea, jambo ambalo halikuwahi kumtokea maishani.

Walirudi dukani. Kitambaa kilichoungua pembeni kikakunjuliwa mezani, na shela likanyooshwa. Jumamosi bibi harusi alilichukua akitabasamu. Ufunguo ukarudishwa kwenye kabati la marehemu, na kufuli likafunguka mara moja. Kazi hiyo uliijua.

Taarifa kwa baraza aliitamka Shangazi, Msumari akaandika. Simu ikatetemeka juu ya kaunta mpaka ikatembea yenyewe kuelekea ukingoni.

"Wote hao wananishangilia mimi?"

"Wote."

"Na nikikosea tena?"

"Vinaongezeka."

"Niandikishe," alisema Shangazi. "Niite Dobi Mkuu."

Jambo la kwanza lililomfika Dobi Mkuu lilikuwa swali la Bibi Hapana, aliyetaka kujua walihakikishaje kwamba kinyozi hakuacha alama yoyote juu ya mabeseni. Shangazi akashika kiuno. Huyu ni nani? Anajua mabeseni yangu? Arudishe kwanza! Ubishi ukaendelea Jumapili nzima, na Msumari, nishani zake mbili kando ya jina, akaona wazi kwamba kabla shule hazijafunguliwa atakuwa ameachwa mbali.

Jumatatu asubuhi Mzee wa Mvuke aliita kutoka kwenye wingu lake. "Mama! Mteja yuko kaunta."

"Asubiri kidogo," alijibu Shangazi, macho kwenye simu, uso umemchangamka kama wa msichana. "Nadhani nimekosea tena."